Kizibao Kinachosoma Moyo

4 Februari

Kaka yangu Swichi,

Nakusalimu kwa mapenzi ya tumbo moja, mimi mdogo wako Sindano, nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile cha cherehani unachosema kitanizika. Huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Shemeji yako anakohoa kidogo lakini sahani anaimaliza, kwa hiyo simhurumii. Binti yetu amefaulu mtihani wa ukunga, na sasa ndani ya nyumba anatembea kama mganga mkuu. Jana kanipima presha nikiwa nachambua mchele. Kwa upande wetu basi usiwe na shaka. Shaka yote iko kwako, na leo siandiki hivyo kwa mazoea ya barua.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Napiga, kaka. Kila nikifika kwenye "na kifua je?" mtandao wako unakatika. Barua haina pa kuikatia.

Sasa nikupe habari. Mwezi uliopita aliingia dukani daktari wa moyo wa hospitali ya hapa juu, mama mrefu anayetembea kama aliyeacha chungu motoni. Akatoa mkobani kizibao ambacho sijawahi kukiona tangu nianze kushika uzi. Kimejaa vibati vidogo kama vifungo, mia moja na ishirini, mbele na mgongoni, kila kibati na waya wake, na mishono imeanza kuachia. Akaniambia, "Mama, waliokitengeneza wako mbali na wanataka miezi sita. Utakiweza?" Nikamjibu, "Daktari, mimi nimeshamshonea bibi harusi aliyenenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuolewa. Hicho nitakiweza."

Akanieleza kazi yake, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Moyo unapiga kwa umeme mdogo sana, na umeme huo unafika mpaka kwenye ngozi. Kipimo cha kawaida kinausikiliza kwa nyaya kumi tu. Kizibao kinausikiliza pande zote kwa wakati mmoja, halafu kompyuta inachora ramani ya rangi. Mishipa inayolisha moyo ikianza kuziba, ile sehemu inayokosa damu umeme wake unalegea, na ramani inaonyesha. Yeye mwenyewe anasema bado wanaichunguza, haijachukua nafasi ya vipimo vingine. Ila inaweza kumwonyesha mtu wa kufuatiliwa kabla hajaanguka.

Kile kiungulia chako kikoje?

Nakutaja kila alfajiri katika sala zangu, kabla hata ya watoto.

Mdogo wako,
Sindano

2 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Barua yako ilifika, ikasomwa, ikawekwa chini ya redio, na siku zikajipitia zenyewe. Nisamehe. Wifi yako hajambo, anakusalimu, na siku hizi ananinyima chumvi kana kwamba nimemkosea. Mpe hongera mkunga wetu. Mwambie asimpime presha mtu anayechambua mchele, atapata hesabu ya mawe.

Kuhusu kizibao, nimecheka mpaka wifi yako akaja kuchungulia. Sindano, miaka thelathini na mitatu nimeshika umeme. Ukitaka kujua waya una moto, unaweka testa. Hakuna anayevaa nguo akausogelea ili ausome. Akifanya hivyo tutamzika na nguo yake. Na moyo wangu haujawahi kukata fyuzi hata siku moja. Mwambie daktari wako akihitaji fundi nipo, lakini kama fundi, si kama nyumba.

Kiungulia ni vitunguu. Nimepunguza vitunguu.

Kazi ipo tele. Nimemaliza soketi ishirini na nne kwenye duka jipya la mikate, zote usawa wa goti, safi, unaweza kupiga mstari kwa rula. Mwenye duka amefurahi.

Msalimie shemeji na kikohozi chake.

Kaka yako

17 Machi

Kaka yangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama ulikaa chini ya redio wiki tatu. Huku salama. Kikohozi cha shemeji yako kimeondoka, sasa kimebaki kinywa. Mkunga ameanza kazi, na Jumanne alipokea mapacha peke yake. Amerudi analia kwa furaha, nami nikalia bila kujua ni nani tunamlilia.

Wiki mbili zilizopita niliitwa hospitali, kwa sababu kizibao kilimbana mgonjwa kwapani. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na amenipa ruhusa nikusimulie. Walimvalisha amelala. Ramani ikatoka imetulia kama maji ya mtungi. Mwalimu akasema, "Si niliwaambia mimi mzima? Nivueni." Daktari akamwambia, "Bado, mwalimu. Sasa panda hapa." Wana mkanda unaokimbia chini ya miguu, mtu anatembea bila kwenda popote. Dakika ya nne, kaka, upande wa mbele wa moyo pakajitokeza doa, kama chai inavyoingia kwenye kitambaa cheupe. Mwalimu akaikodolea macho ramani kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi mfukoni. Wakampeleka kwenye picha ile ya kutia dawa ya rangi kwenye mishipa, na mmoja ukaonekana umebaki tundu la sindano. Ametibiwa. Jana kapita dukani kunisahihishia hesabu ya mita za pazia.

Ndiyo maana nakuandikia. Nimetoa barua zako kwenye kopo la vifungo nikazisoma kwa mpangilio. Desemba: soketi. Januari: kengele ya mlango wa jirani. Machi: soketi, usawa wa goti. Kaka, nyumba za huko siku hizi hazina dari? Wewe uliyekuwa ukiimba juu ya ngazi mpaka wenye nyumba wanakuomba ushuke, taa za dari anafunga nani?

Nitasema jambo moja kisha nitanyamaza. Baba naye alisema ni kiungulia. Alisema hivyo mwaka mzima. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na wewe utaifikisha Novemba.

Njoo upimwe. Kitanda kipo, na kizibao nitakikaza kwa mkono wangu.

Sindano

29 Aprili

Dada,

Sisi wazima. Mvua imenyesha vizuri.

Baba mwache apumzike. Umri wangu naujua bila kukumbushwa na fundi cherehani. Kazi ni nyingi na nafasi ya kusafiri sina.

Wasalimie wote.

Kaka yako

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine)

Wifi yangu, ni mimi ninayepeleka barua posta, maana yeye anasema ngazi za posta wamezijenga vibaya. Ziko vile vile zilivyokuwa miaka yote. Ngazi yake ya kazi iko nyuma ya kabati la vyombo tangu Novemba, na kila nikifagia naizunguka bila kusema neno. Usimwambie nimekwambia. Mungu akupe maneno, mimi yangu yamekwisha.

10 Mei

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako imefika nami nimeikubali kama ilivyo. Lile neno la Baba naliomba radhi. Nilichoma sindano pasipokuwa na kitambaa. Sitalirudia.

Leo sikuiti upimwe. Leo nakuomba msaada wa ufundi, na usicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu mdogo wako amefedheheka.

Daktari aliridhika na kiraka changu, akaniomba nishone kizibao kipya, kikubwa zaidi, kwa ajili ya wanaume wenye vifua vipana. Alinipa karatasi mbili zenye mchoro: moja mtu ametazama mbele, nyingine amegeuza mgongo, na kila kibati kina namba yake. Nilishona siku kumi na moja. Mgongo niliuandikia namba ukiwa umevikwa kwenye sanamu yangu ya kupimia nguo. Vipande vya mbele nilivitandaza mezani, nikaweka namba kwa chaki upande wa ndani kama ada yetu mafundi, ili chaki isichafue nje. Nikashona kila kibati kwenye namba yake, nikamwomba Mungu akibariki, nikakipeleka.

Nikajitolea kuwa wa kwanza kukivaa, nikakikaza kwa mikanda kinibane. Kaka! Ramani iliyotoka ilikuwa kama godoro lililomwagikiwa rangi. Mgongoni sawa, mbele vurugu tupu, kama mbele ni ya mtu mmoja na nyuma ya mwingine. Daktari alinisikiliza kwa masikio yake, akanivalisha kile cha zamani, akaona moyo wangu hauna neno. "Mama, wewe mzima. Mgonjwa ni kizibao." Fundi wa hospitali akapima nyaya zote mia na ishirini kwa testa. Nzima zote! Akazipima tena kesho yake. Nzima!

Basi sasa kizibao kimetundikwa msumarini, watu kumi na wawili waliokuwa wakikingoja wameambiwa wasubiri, na mimi nikipita koridoni nainamisha kichwa. Daktari hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ana mpango wa kukipeleka kwa wale wa miezi sita.

Wewe ndiye fundi wa nyaya katika ukoo huu. Nyaya nzima, taa haziwaki panapotakiwa. Nifanye nini?

Mdogo wako mwenye aibu,
Sindano

15 Mei

Sindano wewe!

Salamu baadaye, wote wazima, sikiliza.

Nyaya zako hazina kosa. Umezipeleka kwa majirani. Karatasi ya daktari inamtazama mtu usoni, sivyo? Kushoto kwake kuko kulia kwa karatasi. Sasa wewe ulitandaza vipande vya mbele ndani kukiwa juu. Hapo ulikuwa umeingia ndani ya nguo unachungulia nje. Ukanakili karatasi kama ilivyo, na kila kibati cha kushoto kikaenda kulia, cha kulia kikaenda kushoto. Mgongo uliuandika kwa nje, juu ya sanamu, ndiyo maana uko sawa. Testa haiwezi kuligundua hilo! Testa inakwambia waya umefika, haikwambii umefika kwa nani.

Nimelijuaje? Nilivaa fulana yangu ndani nje mbele ya kioo, nimejibandika namba za karatasi kwa gundi. Wifi yako aliingia akauliza kama ni mimi au ni kalenda.

Na pia kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo hivyo, mwaka wangu wa pili kazini, sikumwambia mtu. Nilifunga ubao wa swichi nikiwa nimesimama nyuma yake. Mwenye nyumba akibonyeza swichi ya jikoni, inawaka ya chumbani kwa mama mkwe. Siku tatu mama mkwe akaamini anatafutiwa sababu ya kufukuzwa.

Usikifumue. Badilisha namba tu kule nyaya zinakoingia kwenye mashine, za mbele peke yake, kushoto kwa kulia. Fundi wa hospitali atalifanya kabla ya chakula cha mchana.

Sasa hili lingine. Nilipoligundua kosa nilifurahi kiasi cha kwenda posta mwenyewe kununua stempu ya barua hii. Ngazi za posta ni kumi na nane. Nilipumzika mara tatu. Mara ya tatu nilijifanya nasoma tangazo ukutani, na tangazo lenyewe lilikuwa la mbwa aliyepotea mwaka jana. Nikarudi chini. Wifi yako ndiye aliyepanda kuinunua, kama anavyozipeleka barua zote.

Na nikiwa nimekaa pale chini namngoja, nikamkumbuka mwalimu wako wa hesabu. Sindano, watu wangapi wameniambia, "Fundi, mbona taa inawaka vizuri?" Nami nawajibu, "Usinionyeshe taa. Washa pasi." Waya uliochoka unabeba taa mwaka mzima bila kulalamika. Ukiupa mzigo ndipo unanuka moshi. Nimesema maneno hayo maisha yangu yote kwenye nyumba za watu, na moyo wangu nimekuwa nikiupima nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Si vitunguu. Ni Novemba yote, na Desemba, na mpaka leo. Kifua kinabana nikipanda, kinaachia nikisimama. Ngazi nimeificha nyuma ya kabati, na sidhani kama wifi yako ameiona.

Nafasi ya mtu wa kumi na tatu ipo? Ila nataka niione mashine kwanza, kama fundi.

Swichi

24 Mei

Kaka yangu, jicho la ukoo,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimeketi, kisha nimepiga magoti. Mungu ni mwema.

Nilikimbia nayo hospitali, uzi bado shingoni. Fundi wao alisoma mstari wa kushoto kwa kulia akajipiga paji la uso. Saa nne asubuhi wakabadilisha namba, nikavaa tena, na ramani ikatoka imenyooka, mbele na nyuma mtu mmoja. Daktari alicheka mpaka akashika meza. Akauliza, "Huyo kaka yako yuko wapi?" Nikamsomea na yale mengine, nisamehe, yale ya ngazi kumi na nane. Akaacha kucheka. Akasema, "Asingoje foleni. Aje wiki hii. Asibebe mizigo. Na kama kifua kitambana akiwa amekaa tu, asije kwangu, aende hospitali ya karibu saa hiyo hiyo."

Basi usingoje nauli kutoka kwangu wala baraka za mtu. Wifi apime kifua chako kwa futi, chini ya kwapa, usijazie pumzi kwa majivuno, aniambie kwa simu. Mkoba wa zana uache nyumbani. Nakujua.

Na hiyo ya ngazi nyuma ya kabati, ukoo wetu una siri nzito kweli. Sitasema zaidi.

Nakungoja mlangoni.
Sindano

20 Agosti

Mdogo wangu Sindano,

Tangu nirudi sijakuandikia, na safari hii si kwa kuficha. Nilitaka niwe na la kuandika.

Kwanza salamu. Wifi yako mzima, na amekiri juu ya maandishi ya nyuma ya karatasi. Nikamwambia nilijua. Sikujua. Chumvi bado ananinyima, ila sasa ana barua ya daktari, kwa hiyo sina mahakama ya kukata rufaa.

Nawaza sana kuhusu ile siku. Nilivyolala pale na kizibao chako, mishono imekaa kama ilimwagwa, nikatazama moyo wangu kwenye skrini umetulia, na shetani akaninong'oneza nivue niondoke. Ungekuwa hukusimama mlangoni na pini mdomoni ningeondoka. Halafu ule mkanda. Niliona doa kabla daktari hajasema neno. Nilijua ni shoti inayotaka kuanza, ningeijua popote. Hata ile picha ya dawa ya rangi ilipothibitisha na wakaniwekea kijibomba cha wavu kwenye mshipa, mimi tayari nilikuwa nimeamini. Daktari wako alisema mshipa ule usingengoja sana. Sikuuliza "sana" ni miezi mingapi. Nilihesabu mwenyewe mpaka Novemba.

Nilikukataza kumtaja Baba. Nakuruhusu. Jana nilimtaja mimi, mbele ya wajukuu, jinsi alivyokuwa akikusogeza kwenye dirisha ushone penye mwanga. Alikuwa mtu mzuri asiyekuwa na kizibao. Basi.

Nameza dawa zangu asubuhi na jioni. Natembea kila siku kama walivyonifundisha, mpaka sokoni, kisha mpaka shuleni, sasa mpaka ng'ambo ya daraja. Wiki iliyopita hospitali ya huku walinipandisha mkanda wao na kunipa ruhusa ya kurudi kazini, kwa utaratibu. Ngazi nimeitoa. Nyuma ya kabati wifi yako ameweka mafagio.

Kuhusu daktari kutaka nije nimwangalizie nyaya za kizibao cha tatu, mwambie nitakuja, lakini wewe chaki yako weka nje.

Hapa chini kalamu imebadilika, usishangae. Naandika kwenye kaunta ya posta, kwa kalamu yao iliyofungwa kamba. Nimeileta barua mwenyewe. Wifi yako yuko chini kwenye lami, alikuwa akinihesabia kwa sauti mpaka watu wakageuka. Kumi na nane. Sikusoma tangazo lolote. Kifua kimenyamaza kabisa, Sindano, kimenyamaza kama mtoto aliyeshiba.

Humu ndani ni giza kidogo. Nimetazama juu: taa mbili za dari haziwaki, na yule dada wa kaunta anasema ni tangu mwaka jana, wamekosa fundi wa kupanda.

Nimemwambia nakuja kesho asubuhi na ngazi yangu.

Kaka yako,
Swichi